Champagney, Kijiji Kilichowatetea Watumwa

Ukitoka Belfort, mashariki mwa Ufaransa, treni ya mkoa inashika njia ya magharibi na kupita miguuni mwa milima ya Vosges. Dirishani unaona misitu ya misonobari iliyokwea hadi vileleni, malisho yaliyolowa umande, na ng'ombe wa mabaka mekundu na meupe ambao maziwa yao ndiyo yanayotengeneza jibini za eneo hili la Franche-Comté. Kila kijiji kina mnara wa kanisa, na mingi kati ya minara hiyo imevikwa kuba la vigae vinavyong'aa jua likitoka. Kabla nusu saa haijatimia, treni inasimama Champagney.

Nilishuka asubuhi ya vuli, ukungu ukiwa bado umetanda bondeni. Wakazi wa Champagney hawafiki 4,000, na nyumba zao zimetawanyika kando ya Rahin, mto mdogo wa maji maangavu unaoteremka kutoka milimani. Nyumba za zamani zina fremu za milango na madirisha za mawe ya waridi yaliyochongwa Vosges, na baadhi bado zina lango pana la tao ambalo zamani lilipitisha mkokoteni wa nyasi kavu. Duka la mkate lilikuwa wazi. Nilipoingia, waliokuwa kwenye foleni walinisalimu, kwa desturi ya vijiji vya Ufaransa ambako kuingia dukani kimya ni utovu wa adabu. Mtu aliyelelewa pwani ya Tanzania hapati shida na desturi hiyo.

Watalii wengi wanaofika pande hizi huja kwa ajili ya kijiji jirani cha Ronchamp, kilomita chache kutoka hapa. Huko juu ya kilima kuna kanisa la Notre-Dame du Haut, kazi ya msanifu majengo Le Corbusier, lililofunguliwa mwaka 1955 na ambalo tangu 2016 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ni jengo la kustaajabisha, na linastahili safari yake. Lakini mimi nilikuja kwa ajili ya kitu ambacho hakionekani kutoka barabarani. Nilikuja kwa ajili ya aya moja iliyoandikwa kwa wino tarehe 19 Machi 1789, kwa jina la wakazi wote wa Champagney.

Mwaka ule hazina ya Ufaransa ilikuwa imekauka. Mfalme Louis XVI aliitisha Mkutano Mkuu wa Matabaka Matatu, na kabla wajumbe hawajakutana Versailles mwezi Mei, kila parokia iliagizwa kuandika daftari la malalamiko. Wanaume waliotimiza miaka 25 na waliokuwa wakilipa kodi walikusanyika, mara nyingi baada ya misa, wakasema yanayowakera, na aliyejua kuandika akayaandika. Madaftari ya aina hiyo yanakadiriwa kufikia 60,000. Ukiyasoma unasikia sauti ya nchi nzima ya wakulima: kodi zisizobebeka, bei ya chumvi, zaka, kazi za shokoa, njiwa wa bwana mkubwa wanaodonoa mbegu ambazo mkulima haruhusiwi kuzilinda.

Watu wa Champagney nao walikuwa na ya kwao ya kusema. Kijiji kilikuwa chini ya abasia ya Lure, na wakulima walijua maana ya kuishi juu ya ardhi ya mtu mwingine. Franche-Comté ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwisho za Ufaransa ambako utwana ulikuwa haujafutika: ziko familia ambazo hazikuweza kuuza shamba wala kurithisha bila ridhaa ya bwana. Mfalme aliufuta utwana huo katika ardhi zake mwenyewe mwaka 1779, lakini mabwana wengi wa mkoa huu hawakumfuata. Mtu aliye katika hali hiyo, akipewa kalamu mara moja katika maisha yake ili amwandikie mfalme, angekuwa na haki ya kujaza karatasi yote kwa shida zake mwenyewe.

Wao walipofika kifungu cha 29 waliacha kujisemea.

Kifungu hicho kinaeleza, na hapa nakisimulia kwa maneno yangu, kwamba wakazi wa Champagney hawawezi kuwaza mateso ya watu weusi katika makoloni bila mioyo yao kujaa uchungu mkali, wanapofikiri kwamba binadamu wenzao, ambao pia ni ndugu zao katika dini, wanatendewa kwa ukali kuliko wanyama wa mizigo. Kinaendelea kwamba hawaoni jinsi mtu anavyoweza kutumia mazao ya makoloni hayo akikumbuka kuwa yamenyweshwa damu ya wenzake. Kisha inaingia hofu: kwamba vizazi vijavyo, vitakavyokuwa na nuru na hekima zaidi, vitawashtaki Wafaransa wa karne ile kuwa walikuwa wala nyama za watu, jambo lisilolingana na jina la Mfaransa, sembuse la Mkristo. Kwa hiyo wanamsihi mfalme kwa unyenyekevu atafute njia ya kuwageuza watumwa hao kuwa raia wenye manufaa kwake na kwa nchi.

Ombi lenyewe ni la upole. Halimtishi mtu, wala halitaji siku ya ukombozi. Lakini ona linavyofikiri. Wakulima hawa hawakuwa na meli, hawakuwa na shamba la miwa Saint-Domingue, nchi tunayoiita leo Haiti, wala hisa katika kampuni yoyote ya bandari za watumwa za Nantes au Bordeaux. Wangeweza kusema kwamba dhambi ni ya wafanyabiashara. Badala yake walitazama sukari, kahawa na pamba, bidhaa zilizokuwa zinaanza kupenya hadi vijijini, wakasema kwamba anayetumia naye amo. Na walipotafuta hakimu, hawakumtafuta Paris. Waliwatafuta wajukuu wa wajukuu zao.

Madaftari yaliyogusa utumwa yalikuwa machache sana, na mengi ya hayo yalitoka mijini, kwa mapadri, wanasheria na watu waliosoma. Hapa ni kijiji cha bara, siku nyingi za safari kutoka bandari yoyote. Walipata wapi habari hizi?

Jibu linaloelezwa kijijini linamtaja Jacques-Antoine Priqueler, mzaliwa wa Champagney aliyekuwa mwanajeshi katika walinzi wa mfalme. Huko mjini Paris mazungumzo yalikuwa yamepamba moto, kwa kuwa mwezi Februari 1788 Jacques Pierre Brissot na wenzake walikuwa wameanzisha Jumuiya ya Marafiki wa Watu Weusi, chama cha kupigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Inaaminika kwamba Priqueler ndiye aliyeleta habari nyumbani. Sina shaka kwamba mtu mmoja aliyesafiri anaweza kufungua macho ya kijiji. Lakini mtu mmoja hawezi kukifanya kijiji kihuzunike. Ili kifungu kile kiingie daftarini, ilibidi waliokuwa mkutanoni waafiki.

Nilikwenda kanisani, kanisa la Mtakatifu Laurenti, kutafuta sehemu ya pili ya jibu. Ndani mlikuwa na baridi na mlinukia nta. Humo unatunzwa mchoro wa Mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu, na mmoja wa wafalme hao watatu, Balthazar, ni mtu mweusi. Husemwa hapa kwamba kwa wakulima wengi wa wakati ule huyo ndiye mtu mweusi pekee waliyewahi kumwona. Nilisimama mbele yake kwa muda mrefu. Kila Jumapili mkulima aliyeinua macho alimwona mtu mweusi akiwa mfalme, amevaa vizuri, amebeba zawadi, amekuja kwa Mungu yuleyule. Kisha siku moja mtu wa kwao anarudi kutoka mbali na kuwaambia kwamba watu wa sura ile wanafungwa minyororo na kupigwa mijeledi ili sukari ipatikane. Naelewa kwa nini waliona uchungu. Waliambiwa habari za mtu waliyemfahamu.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kukisoma kifungu cha 29 kwa makini. Ufaransa ya wakati ule haikuwa na makoloni Karibi peke yake. Katika Bahari ya Hindi ilikuwa na Île de France, yaani Morisi ya leo, na Bourbon, yaani Réunion, visiwa vya kahawa na miwa vilivyotaka mikono ya kazi bila kukoma. Mikono hiyo ilitafutwa Msumbiji na kwenye pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, daktari wa upasuaji aliyegeuka kuwa mfanyabiashara wa watumwa, alifika Kilwa Kisiwani na kufanya mkataba na sultani. Sultani alikubali kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piastre 20 kila mmoja. Wengi wa waliouzwa walitoka bara, upande wa Ziwa Nyasa, wakateremshwa hadi pwani kwa misafara. Wengi walipelekwa visiwani. Wengine walizungushwa Rasi ya Tumaini Jema hadi Saint-Domingue.

Kati ya mkataba wa Kilwa na daftari la Champagney imepita miaka 13 tu. Nimekwisha kutembea Kilwa Kisiwani, kati ya Msikiti Mkuu na ngome iitwayo Gereza, na kule pia nilijaribu kuwafikiria watu 1,000 kwa mwaka wakiteremshwa ufukweni. Waliotia saini mkataba ule, wa pande zote mbili, waliwaona watumwa kwa macho. Walijua umri wao, walipima misuli yao, walisikia vilio vyao. Waliwaona, na kuona hakukuwazuia. Wakati huohuo, katika bonde hili la ukungu, watu wasiowahi kumwona Mwafrika hata mmoja walikuwa wakitunza ndani yao huruma ambayo miaka michache baadaye ingeandikwa. Huruma, basi, haitokani na ukaribu. Inatokana na uamuzi wa kumhesabu mtu kuwa mwenzako.

Nasema hivi nikijua kwamba sisi wa pwani huwa wepesi kuisimulia historia ya utumwa kama jambo tulilofanyiwa na wageni tu, Waarabu kwa Wazungu. Mkataba wa 1776 una pande mbili, na upande mmoja ni wetu. Ni uchungu kulisema hilo, lakini kijiji hiki kimenifundisha kwamba kusema kosa la upande wako ndiko kunakokupa haki ya kusema la mwingine. Champagney hawakuandika kuhusu ukatili wa Waingereza au Wareno. Waliandika kuhusu Wafaransa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hata yenye daftari yaweza kusahaulika. Kifungu cha 29 kilikaa muda mrefu bila kusemwa na watu, hadi mkazi wa Champagney, René Simonin, alipokiinua na mwaka 1971 akaanzisha kijijini Nyumba ya Negritudi na Haki za Binadamu. Léopold Sédar Senghor, mshairi na rais wa Senegal, mmoja wa waasisi wa Negritudi, fikra ya kuuenzi utu na utamaduni wa watu weusi, pamoja na Aimé Césaire na Léon-Gontran Damas, alikubali kuwa mlezi wake. Kwamba jina la fikra ile ya Waafrika na Wakaribi liko juu ya mlango wa jumba katika kijiji cha wafugaji, chini ya Vosges, ni jambo la kumfurahisha mtu.

Jumba lenyewe si kubwa. Linakueleza safari ya watumwa hatua kwa hatua: kukamatwa, bandari, bahari, shamba, uasi, ukombozi. Kuna mfano wa tumbo la meli ya watumwa, giza na wembamba wake, na hapo ndipo wanafunzi wanaoletwa na walimu wao huacha kunong'ona. Kisha unafika mbele ya kifungu chenyewe. Mama mmoja mwenye mvi aliyekuwa akitembea nyuma yangu aliniuliza ninatoka wapi. Nilipomwambia Tanzania, na kumweleza habari za Kilwa, alinyamaza kidogo, akasema: "Kumbe tuliwaandikia na ninyi." Nilimwambia ndiyo, Mama, mlituandikia na sisi.

Mfalme hakulitekeleza ombi lile. Mapinduzi yalipokuja, Bunge la Mapinduzi lilifuta utumwa tarehe 4 Februari 1794, na hata hapo ni baada ya watumwa wa Saint-Domingue kujikomboa kwa silaha. Mwaka 1802 Napoléon aliurudisha. Wakazi wa Champagney waliokuwa hai wakati huo walishuhudia jambo chungu zaidi: Toussaint Louverture, kiongozi wa watu weusi wa Saint-Domingue, aliletwa mfungwa katika mkoa wao huu wa Franche-Comté, akafungiwa katika ngome ya Joux, kusini karibu na Pontarlier, na kufa humo kwa baridi na maradhi tarehe 7 Aprili 1803. Utumwa ulikuja kufutwa kabisa katika makoloni ya Ufaransa tarehe 27 Aprili 1848, kwa juhudi za Victor Schœlcher, ambaye ukoo wake ulitoka Fessenheim, upande wa pili wa milima hii. Leo Champagney, Joux na Fessenheim zimeunganishwa katika njia moja ya kumbukumbu, Njia ya Ukomeshaji wa Utumwa, na mgeni mwenye muda anaweza kuifuata yote.

Kuna deni jingine ambalo bonde hili linalijua. Vuli ya 1944 mstari wa vita ulisimama hapa kwa wiki kadhaa, mizinga ikibomoa nyumba, hadi Champagney ilipokombolewa mwezi Novemba na Divisheni ya Kwanza ya Ufaransa Huru. Vikosi vya divisheni hiyo vilikuwa na askari kutoka Afrika ya Kati na Kamerun, waliopigana tangu Libya, kupitia Italia na Provence, hadi kwenye milima hii. Kabla baridi haijakaza, maelfu ya askari hao weusi waliondolewa mstari wa mbele na makoti yao yakavaliwa na vijana wa Kifaransa. Ushindi ulipofika, wengi wa waliouleta karibu hawakuwapo kupigiwa makofi. Miaka 155 baada ya kifungu cha 29, Ufaransa ilikuwa bado haijajifunza kuwahesabu.

Jioni nilitembea hadi kwenye bwawa la Champagney, ziwa la kutengenezwa na watu lililoanza kujengwa mwishoni mwa karne ya 19 ili kulisha mfereji wa meli, na ambalo sasa ni mahali pa watu kutembea na kuvua samaki. Kutoka hapo unaona milima, na unakumbuka pia kwamba chini ya ardhi ya Champagney na Ronchamp kuna mahandaki. Makaa ya mawe yalichimbwa hapa tangu katikati ya karne ya 18 hadi 1958, na shimo moja, la Arthur-de-Buyer, lilishuka zaidi ya mita 1,000. Vizazi vya wanaume wa bonde hili vilishuka gizani ili wengine wapate moto. Nadhani mtu mwenye kumbukumbu ya namna hiyo katika ukoo wake hashindwi kuuliza bidhaa iliyo mkononi mwake imepitia mikono ya nani.

Swali hilo halijazeeka. Simu niliyotumia kupiga picha daftari lile ina betri, na kobalti nyingi ya dunia inachimbwa Kolwezi na viunga vyake, Kongo, kwa watu wanaozungumza lugha hii ninayoiandika. Baadhi ya wanaochimba kwa mikono ni watoto. Sisi tunajua. Hatuna udhuru wa kuwa mbali na bandari, wala wa kusubiri askari wa mfalme arudi nyumbani na habari.

Mwaka 2001, tarehe 21 Mei, Ufaransa ilitangaza rasmi sheria iliyopelekwa bungeni na Christiane Taubira, mbunge wa Guyane, inayotambua kuwa utumwa na biashara ya watumwa, ya Atlantiki na ya Bahari ya Hindi, ni jinai dhidi ya binadamu. Ilichukua miaka 212 kwa taifa kusema waziwazi kile ambacho kijiji kilikuwa kimekisema. Ningependa mtoto wa shule wa Kilwa asome karatasi mbili siku moja, mkataba wa 1776 na kifungu cha 29, ajue kwamba watu wa zama zilezile walikuwa na hiari ya kuchagua. Wakulima wa Champagney waliogopa hukumu ya vizazi vitakavyokuja. Vizazi hivyo ni sisi, na hukumu yetu juu yao ni shukrani. Sasa zamu ya kuogopa ni yetu.